Maswali ya Mbio: “Nina miaka 17, niingie marathoni?”

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga mjini na Muheza, na karibu zote ni za wasichana au mama zao. Tumechagua tano.

Shikamooni. Nina miaka 17, nasoma kidato cha tatu, naishi Pongwe. Kilomita 5 nazimaliza kwa dakika 19 na sekunde 30. Mwalimu wa michezo ananiambia mwakani niingie marathoni, huko ndiko kwenye hela. Nifanyeje?

Marahaba, binti. Usiingie. Mwalimu ana haki kuhusu hela, ila amekosea kuhusu wewe. Mwaka 2023 Magdalena Shauri, Mtanzania aliyezaliwa 1996, alishika nafasi ya tatu kwenye marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Gawanya kwa kilomita 42.195 utaona kila kilomita aliipiga kwa dakika 3 na sekunde 17. Kwa mwendo huo kilomita 5 zinakwisha kwa dakika 16 na sekunde 26, naye bado ana 37 mbele yake. Wewe kwanza uifukuzie hiyo 16:26, na inafukuziwa kwenye mbio za uwanjani na mbio za nyika, si barabarani. Halafu mashindano ya dunia hayampokei mkimbiaji wa marathoni aliye chini ya miaka 20, kwa hiyo hakuna treni inayokuacha.

Kwa sasa kilomita 40 hivi kwa wiki zinakutosha. Jumatatu kilomita 6 za taratibu. Jumanne pasha mwili kilomita 2, kisha mita 400 mara 8, kila moja kwa sekunde 90, ukipumzika dakika 1 na nusu katikati, umalizie na kilomita 2 za kupoza. Jumatano 7 za taratibu. Alhamisi dakika 20 mfululizo kwa mwendo wa 4:15 kwa kilomita, kabla na baada yake ukimbie polepole. Ijumaa pumzika kabisa. Jumamosi 12. Jumapili tembea tu. Huna uwanja wenye mistari? Mwombe mtu wa boda ambaye kipimo cha kilomita cha pikipiki yake kinafanya kazi akupimie mita 400 kwenye barabara tambarare, mpige alama ya chokaa.

Wengi wanaharibu siku za taratibu, wala si Jumanne. Taratibu kwako ni 5:30 hadi 6:00 kwa kilomita, mwendo wa kuweza kumsimulia mwenzako habari ndefu bila kukatika pumzi. Wasichana wakikimbia kundi moja na wavulana siku hizo zinageuka mashindano, Jumanne inayofuata miguu inakuwa mizito, na kocha anasema “ongeza bidii”. Bidii ilishatumika Jumatatu.

Shinda UMISSETA kwanza, michezo ya shule za sekondari. Ukimaliza shule, timu za JWTZ, JKT, Polisi na Magereza ndizo zilizowapa wanariadha wengi wa nchi hii mshahara wa kufanyia mazoezi. Nusu marathoni ianze kwenye miaka 20 au 21, marathoni baada ya hapo.

Binti yangu ana miaka 19, anafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Miezi minne sasa hajaziona siku zake. Kocha anasema ndiyo dalili kwamba mwili umeiva. Mimi sina raha. (Mama, Ngamiani)

Mama, una haki ya kukosa raha. Kocha huyo anasema jambo ambalo limeshawamaliza wakimbiaji wengi. Kwanza apimwe ujauzito, bila ugomvi, ili hilo liondoke mezani. Kama hakuna, kinachowezekana zaidi ni kwamba chakula anachokula hakitoshi kazi anayofanya. Mwili ukikosa cha kuchoma unaanza kuzima yale unayoona si ya lazima leo, na hedhi inatangulia. Homoni zinazoleta hedhi ndizo zinazolinda mifupa pia. Zikishuka kwa miezi, mfupa wa ugoko, wa unyayo au wa nyonga unapata ufa kwa kukimbia tu, bila kuanguka.

Ufa huo una dalili zake: anaweza kuweka ncha ya kidole kimoja pale panapouma, akiruka kwa mguu mmoja anashtuka, na usiku panauma akiwa amelala. Hapo mbio zinasimama siku hiyohiyo. Wiki mbili tatu za mwanzo eksirei inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo “picha ni safi” isiwe ruhusa ya kurudi.

Mpeleke hospitali, na mwombe daktari apime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma. Kwa mwanamke, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Vidonge vya chuma vifuate kipimo, si kukisia.

Nyumbani, mazoezi ya jioni yasimame mpaka hedhi irudi, na kila siku aongezewe chapati moja, glasi ya maziwa na kiganja cha karanga juu ya anachokula sasa. Hiyo ni kama kalori 500. Asitoke alfajiri na tumbo tupu: ndizi moja au kikombe cha uji. Akirudi, ale ndani ya saa moja, na mbaazi za nazi kwa maandazi zinafaa sana. Dagaa, maini na mchicha vina chuma, lakini chai ikinywewa na chakula inakizuia kisiingie mwilini. Chai isogezwe saa moja mbele, nafasi yake ichukuliwe na chungwa la Muheza. Hedhi inaweza kuchukua miezi kurudi, msikate tamaa mwezi wa kwanza.

Kaskazi ikivuma nachoka kilomita ya nne tu. Navaa hijabu na suruali ndefu. Niache mpaka kusi? (Raskazone)

Usiache. Toka saa 11 na nusu alfajiri na punguza mwendo, kila kilomita ichukue sekunde 15 hivi zaidi; mwili unahitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto. Kukimbia wawili ni salama zaidi, upande wa kulia, magari yakiwakabili.

Pima jasho lako mara moja, utajua unachohitaji. Jipime uzito bila nguo, kimbia saa moja, jifute, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya jasho, jumlisha ulichokunywa njiani. Ukipoteza lita 1.2, rudisha kama nusu yake njiani, mililita 200 kila dakika 20, iliyobaki ukifika nyumbani. Usinywe kuliko unavyotoka jasho: maji matupu mengi yanazimua chumvi ya damu, na hilo linaua. Kinywaji cha kutengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, na ndimu ukipenda.

Hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha jezi. Pamba inashika jasho, inalemea na kuchubua shingo. Sarah Attar wa Saudi Arabia alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016 akiwa amejifunika nywele.

Kuna mtu ananiahidi mbio za nje. Anataka milioni moja na nusu na pasipoti yangu.

Usimpe hata kimoja. Meneja wa kweli anakula kwenye ulichoshinda, mara nyingi asilimia 15, na walioidhinishwa majina yao yapo kwenye orodha ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Fanya hesabu kabla ya kusaini: zawadi ya dola 2,000 Marekani inakatwa kodi ya asilimia 30, yaani 600, meneja 300, zinabaki 1,100, na nauli bado. Mara nyingi hulipwi mpaka majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa michezoni yatoke.

Hapohapo uwe makini na vidonge vya dukani. Ruth Chepngetich wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya 2:09:56 mwaka 2024, alifungiwa miaka 3 mwaka 2025 kwa hydrochlorothiazide, ambayo wengine wanaitumia kama dawa ya presha. Kidonge kikikutwa mwilini mwako ni chako, hata kama kilitoka kwa jirani.

Raba za mitumba nitajuaje kama zimekwisha?

Weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, kiache. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba. Kama ni ngumu na ina mikunjo midogo ubavuni, sponji imekufa hata kama chini panang'aa. Raba mpya huchukua kilomita 500 hadi 800, ya mtumba hujui imeshakula ngapi, basi andika tarehe ndani ya ulimi wake na uanze kuhesabu zako.