Kaa na karani kwanza: maswali yenu kuhusu kusanifu mifumo ya taarifa

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa diploma ya kompyuta hapa Arusha, nataka kusanifu mifumo ya maofisini. Nianze na lugha gani ya programu, Java au Python?

Marahaba, mwanangu. Anza na ile unayofundishwa chuoni. Ukiishika moja sawasawa, ya pili haitakusumbua. Wengi huanguka kwa sababu wanakaa na kompyuta kabla hawajakaa na mtu atakayeitumia. Wiki hii omba ruhusa, ukae nusu siku kwenye kaunta ya duka la vipuri au stoo ya shule. Andika kila karatasi inayopita: imetoka kwa nani, imeandikwa nini, imekwenda wapi, nakala inabaki kwa nani. Ukirudi nyumbani chora safari ya karatasi hizo.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha kahawa, Moshi Vijijini. Kuna kijana anatutengenezea mfumo. Alituuliza tunataka nini, tukampa nakala ya fomu tunayojaza. Inatosha?

Haitoshi, katibu. Fomu inaonyesha kazi inavyotakiwa kufanyika. Daftari la karani linaonyesha inavyofanyika. Niliwahi kukaa kando ya mizani ya chama kimoja msimu wa kahawa. Daftari la karani lilikuwa na safu tano zilizopigwa chapa, na ya sita ameichora mwenyewe pembeni kwa rula na kalamu nyekundu. Humo ameandika: "apewe mama", "kiroba kimoja cha kaka yake", "nusu ikate deni la pembejeo". Safu hiyo haimo kwenye fomu yoyote, lakini siku ya malipo ndiyo aliyoitazama kwanza. Kijana wenu asipoiona, mfumo utampa pesa mtu asiyestahili.

Kuna na suala la malipo yenyewe. Mkulima akipima anapata malipo ya awali, kisha kahawa ikishauzwa mnadani yanakuja malipo ya pili. Anayeanza kujifunza huweka jedwali moja lenye safu ya "malipo", na ya pili yakifika yanaandikwa juu ya yale ya kwanza. Hapo hesabu ya mkulima imepotea. Yanahitajika majedwali matatu: wanachama, mizigo iliyopimwa, na malipo, kila malipo yakionyesha ni ya mzigo upi na ya awamu ipi. Wazo la kupanga taarifa katika majedwali yanayohusiana alilitoa Edgar F. Codd wa kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 1970, na mwaka 1976 Peter Chen akatupatia namna ya kuyachora mahusiano hayo. Mwambie kijana awaletee mchoro huo kwenye karatasi, karani aupitie kwa kidole, kabla hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Kufuta penseli ni rahisi kuliko kubomoa kanzidata, yaani ghala la majedwali hayo kwenye kompyuta, ikishajaa.

Kwenye mradi wangu nimefanya jina kamili la mwanachama kuwa ufunguo mkuu wa jedwali, yaani kitambulisho cha kutofautisha kila mwanachama na mwingine. Msimamizi amekataa. Kwa nini?

Amekutendea wema. Huku Kilimanjaro kijiji kimoja kina akina Mushi na Massawe wangapi? Mtoto anapewa jina la babu, na watu wawili wanafanana majina yote matatu. Mimi niliwahi kuyakwepa majina nikatumia namba ya simu, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Mama mmoja akaja kuandikishwa, mfumo ukamkataa: simu aliyoitaja ni ya mwanaye, na mwanaye alikwisha kuandikishwa. Alisimama pale dirishani, kitabu mkononi, foleni nyuma yake, akiamini amekosea yeye. Kosa lilikuwa langu, na sijalisahau. Kila mwanachama apewe namba ya chama isiyobeba maana nyingine na isiyobadilika. Jina, simu na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) viwe taarifa zake tu, ambazo nyingine zinaweza kukosekana.

Nipo mapokezi kwenye zahanati, Arusha. Tumeletewa mfumo, lakini bado naandika kwenye daftari kwanza, jioni ndiyo naingiza. Bosi anasema mimi mkaidi.

Pole sana, dada. Anayekubali kuandika mara mbili ana sababu. Pengine skrini inadai tarehe kamili ya kuzaliwa na bibi aliye mbele yako anajua mwaka tu. Pengine umeme ukikatika unaanza upya. Kwa siku tatu andika kila unapokwama, saa ngapi na kwa nini, bila majina ya wagonjwa, kisha mpelekee bosi pamoja na aliyeutengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Norway, Kristen Nygaard, mmoja wa waliounda lugha ya programu ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wao wenyewe wawe na sauti kuhusu kompyuta zinazoingizwa kazini mwao. Una haki ya kusikilizwa.

Naweza kupiga picha daftari la wanachama nikajifunzie nyumbani?

Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zile wanachama walikipa chama, hawakukupa wewe. Nakili vichwa vya safu tu, kisha ubuni watu wako. Ukiwabuni, weka wawili wenye majina yaleyale matatu, mmoja asiye na simu, na bibi anayejua mwaka tu aliozaliwa.