Kabla hujachomeka flashi ya mtu: ushauri kwa anayetaka upelelezi wa makosa ya mtandao

Vijana wengi wananifuata, hasa waliomaliza form six na wale wa mwaka wa kwanza chuo, wananiambia kaka nataka kuwa mpelelezi wa makosa ya mtandao, nishushe programu gani? Swali la programu ndo linakuja la kwanza kila mara. Naelewa kabisa, mana hata mimi nilianzia hapo hapo na kuna mtu alilipia kosa langu.

Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa najishikiza kwa fundi simu mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, napata hela ya bando na ya kula. Siku moja akaja mama mmoja, katibu wa kikoba, kashika flashi kaifunga kwenye kitambaa. Walikuwa wanahisi mhazini wao kabadilisha michango kwenye faili la Excel, na flashi ndo ilikuwa ushahidi wao. Akasema mwanangu, wewe si unasoma haya mambo, hebu tuangalizie. Nikaichomeka hapo hapo kwenye kompyuta ya fundi, nikafungua faili, wakati wa kufunga Excel ikaniuliza nisevu mabadiliko nikabonyeza ndiyo bila hata kuwaza, nikapiga skrinishoti nikamprintia. Nilijua nimemsaidia.

Kwenye kikao cha kikoba nikaitwa nieleze. Mzee mmoja wa upande wa mhazini, mtulivu tu, alishawahi kufanya kazi ya ukarani mahakamani, akaniuliza: kijana, tutajuaje kuwa hayo mabadiliko hujayafanya wewe? Sikuwa na jibu. Tarehe ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili ilikuwa ni siku ile ile niliyoishika mimi. Kikao kikaishia hapo na yule mama akaonekana mzushi mbele ya wenzake, mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo nikikwambia anza na swali la yule mzee najua ninachosema. Umejuaje? Kila utakachosoma kwenye fani hii, hashi, imeji, mifumo ya faili, sheria, kipo ili siku moja usimame umjibu mtu kama yule.

Ukichomeka flashi kwenye Windows, kompyuta yenyewe inaweza kuandika vitu kwenye flashi hata kama hujafungua faili lolote, ile folda ya System Volume Information mara nyingi inazaliwa hivyo. Ndo mana wachunguzi wanatumia kifaa kinachozuia kuandika, kinakaa katikati ya flashi na kompyuta, data inasomeka ila hakuna kinachoingia. Kama huna hela yake, kwa kujifunzia tumia Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, zima kwanza ile tabia ya kufungua flashi yenyewe kisha isome bila ruhusa ya kuandika. Halafu unatengeneza imeji, yani nakala ya kila biti pamoja na sehemu zinazoonekana tupu, mana faili lililofutwa mara nyingi bado liko pale, kilichoondoka ni alama tu ya kwamba nafasi ile ina mwenyewe. Programu ya FTK Imager inafanya hiyo kazi na ni ya bure, na Autopsy ya kuchambulia nayo ni ya bure. Mimi nilijifunzia kwenye kompyuta ya RAM 4GB, ilikuwa inachechemea unaiacha usiku kucha inachambua imeji moja, lakini nilijifunza. Kazi yote unaifanya kwenye nakala, flashi yenyewe inarudi kwenye bahasha, inafungwa, inasainiwa.

Sasa hashi, yani kama alama ya kidole ya data. SHA-256, njia mojawapo ya kuitengeneza, inakupa herufi na tarakimu 64 kutoka kwenye data yoyote, ukibadilisha hata nukta moja zile 64 zinageuka kabisa. Jifunze kuieleza hii kwa Kiswahili, nasisitiza, mana tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama zetu Tanzania, na hakimu hana sababu ya kukubali neno asilolielewa. Mimi natumia gunia la mchele wa Kyela: umelishona na kulipima mbele ya mashahidi, ukaandika uzito, na mzani wenyewe ni mkali kiasi kwamba ikipungua punje moja unaonesha. Likifika Mbeya mjini unalipima tena. Uzito ukiwa ule ule, hakuna aliyeligusa njiani.

Kuhusu sheria, usiwaachie wanasheria. Soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kinasema mahakama inaangalia nini kwenye kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, ikiwemo namna data ilivyotengenezwa na kutunzwa na kama uhalisia wake ulilindwa. Soma pia hukumu ya Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Humo hamna mambo ya kompyuta kabisa, ila ndo inayotajwa sana ikija habari ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, nani alikikamata, akamkabidhi nani, kwa maandishi. Nunua counter book ukianza kujifunza, andika kila hatua na saa yake.

Na hapo kwenye saa kuna mtego wetu sisi waswahili ambao vitabu vya Marekani havitakwambia. Shahidi anasema ujumbe uliingia saa mbili usiku. Simu ya mwenzake inaonesha 20:00. Kumbukumbu za seva zinaonesha 17:00, mana ziko kwenye UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tumeitangulia kwa masaa matatu. Zote ni sahihi, ila ukiandika ripoti kwa kuchanganya utaonekana muongo. Mbaya zaidi ni saa sita na nusu usiku, hapo kwetu tarehe imeshabadilika lakini UTC bado ni 21:30 ya jana, na wengine wakisema usiku wa Jumapili wanamaanisha usiku wa kuamkia Jumapili. Muulize shahidi tena. Kuna mifumo ya faili, yani namna faili zinavyopangwa kwenye flashi au diski: FAT32 inahifadhi saa ya kwetu kama ilivyo kwenye kompyuta iliyoandika, NTFS inahifadhi UTC, na kama saa ya ile kompyuta ilikuwa mbovu tarehe za zote mbili ni mbovu. Ukikuta kompyuta imewashwa, andika inaonesha saa ngapi na saa yako inaonesha ngapi. Hiyo ni dakika moja ya kazi na inaokoa kesi.

Simu ikikamatwa imewashwa usikimbilie kuizima, ukiizima unaweza kuifungia data nyuma ya nywila usiyoijua. Iweke hali ya ndege, itafutie pawabenki.

Wale matapeli wa ile hela tuma kwenye namba hii, kila mtu anadhani ukipata jina la usajili umemaliza. Kuna bibi kijijini huko aliambiwa na wakala arudie kuweka kidole mara ya pili, laini ya pili ikasajiliwa kwa jina lake ikaenda kwa mtu asiyemjua. Jina linakuonesha pa kuanzia tu, bado unatakiwa uonyeshe nani alikuwa ameshika simu.

Kwenye kusoma rasmi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wana shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, lakini ukiwa na ya sayansi ya kompyuta nayo inatosha kuanzia. Usijifunzie kwenye simu ya mpenzi wako wala ya jirani, kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imeweka imeji za mazoezi bure, zinaitwa CFReDS, shusha usiku bando likiwa rahisi.

Yule mama wa kikoba nilimfuata miaka miwili baadaye dukani kwake Soweto, hapo hapo Mbeya, nikiwa na flashi tupu. Nikamwonesha kila kitu taratibu, hashi kabla, imeji, hashi baada, nikabadilisha herufi moja akaona namba zote zimegeuka. Akaangalia skrini muda mrefu, akaniuliza, sasa siku ile ungefanya hivi, yule mzee ungemjibu? Nikamwambia ndiyo mama, ningemjibu.