Barua kwa mwanangu: vijana wa mwaka wa korona

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Sisi hatujambo, na Kukhu, nyanya yako, anakusalimu na kuuliza, kama kawaida yake, iwapo baridi ya Nakuru imepungua.

Nimepata barua yako pamoja na rasimu ya mwongozo wa dharura mnaouandika tangu ulipochaguliwa kuwa mratibu wa vijana wa kujitolea huko. Umeniambia kwamba ulipofika kwenye sehemu ya usalama ulikwama, ukakumbuka mwaka 2020, nilipokuwa mwenyekiti wa chama chetu cha vijana katika kaunti hizi za magharibi, ukaniuliza bila kuzunguka: "Baba, uliwezaje kuwatoa watoto wa watu majumbani mwao ilhali mimi ulinikataza hata kufika langoni? Na kama mmoja wao angeugua, ungewaambia nini wazazi wake?" Ni maswali mawili, nami nitayajibu yote, ingawa la pili litasubiri kidogo.

Sikukuzuia kwa kuwa wewe ni mtoto wa mwenyekiti. Nilikuzuia kwa sababu Kukhu alilala chumba kinachopakana na chako, na shinikizo la damu lilikuwa limemsumbua tangu kabla ya Krismasi. Kamati ilikuwa imepitisha kanuni kwamba kijana yeyote anayelala nyumba moja na mzee au na mgonjwa wa muda mrefu asipangiwe kazi ya kukutana na watu, hata akiomba mwenyewe, na kanuni hiyo haikuwa na mlango wa nyuma. Iliwaondoa vijana wengi kuliko tulivyotarajia, kwa maana huku kwetu boma lisilo na mzee ni la kutafutwa. Waliobaki ni wale waliopanga vyumba vyao katika mitaa ya Manyatta, Nyalenda na Obunga hapa Kisumu, na wenzao wa Kakamega, Mbale na Siaya walioishi na rika lao. Kwa hiyo waliotoka hawakuwa watoto wa watu niliowathamini chini yako. Walikuwa ni wale ambao nyumbani kwao hapakuwa na mtu ambaye ugonjwa ungemuumiza kirahisi hivyo.

Ili uelewe kwa nini hatukufunga ofisi tu tukangoja, ni lazima nikukumbushe kazi yetu kubwa ilikuwa ipi. Watu walituona tukipanda miti na kufagia masoko, lakini kazi iliyokuwa na uzito ni kuhamasisha uchangiaji wa damu katika shule za sekondari. Katika nchi hii wanafunzi ndio waliobeba mzigo mkubwa wa damu ya hospitali kwa miaka mingi. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais akatangaza kufungwa kwa shule zote. Nchi ilikuwa ikizungumza juu ya barakoa na sabuni, na wachache waling'amua kwamba pamoja na shule umefungwa pia mfereji wa damu. Damu nayo haiwekwi akiba kama mahindi ghalani; chembe nyekundu hudumu kwenye jokofu kwa muda wa siku 35 hivi, kwa hiyo chupa iliyotolewa shuleni mapema mwezi wa Februari haikuweza kumfaa mtu yeyote katikati ya Aprili. Na Aprili ndio mwezi ambao mvua ndefu huleta malaria, watoto wakaishiwa damu, wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, wakalazwa, na akina mama waliendelea kujifungua na wengine kuvuja damu kama kawaida, korona iwepo isiwepo. Kama tungenyamaza, hakuna ambaye angetulaumu kwa jina, lakini tungejua.

Makanisa yalikuwa yamefungwa pia, na yalipofunguliwa mwezi wa Julai yaliruhusiwa waumini wasiozidi 100 kwa ibada ya saa moja, bila watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita 58. Hapakuwa na mahali pa kukusanya umati wa wachangiaji, na hata pangekuwepo nisingekubali. Tuliamua kwamba damu itatoka kwa vijana wetu wenyewe na marafiki zao, wachache wachache, kila mmoja kwa siku na saa yake. Unaikumbuka ile rejesta ndefu yenye jalada jeusi niliyokuwa nikiichora mistari kwa penseli mezani usiku? Ilikuwa na jina, simu, kundi la damu, tarehe ya mwisho ya kuchangia, kwa sababu mwanamume hungoja miezi mitatu na mwanamke miezi minne kabla ya kuchangia tena, na safu ya mwisho ambayo haikuwahi kuwamo katika rejesta zetu za zamani: "analala na nani". Katika safu hiyo kijana mmoja wa Vihiga aliandika "peke yangu", kisha wiki iliyofuata akapiga simu kuomba ifutwe, maana babu yake alikuwa ameletwa kutoka kijijini. Tulimhamishia kwenye kundi la kupiga simu. Kazi hiyo nzima ya kuwaita wachangiaji, kuwakumbusha wanywe uji au chai nzito kabla ya kwenda, na kuwaambia wakate tamaa mapema kama uzito wao haujafika kilo 50, ilifanywa na vijana waliokaa ndani. Wewe mwenyewe uliifanya, ingawa nakumbuka uliiona kama kazi ya kukubembeleza tu.

Kanuni ya pili ilikuwa ya miguu. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba wanane, nauli ikapanda vivyo hivyo. Tukasema hakuna kijana atakayepanda matatu kwa ajili ya chama. Kila tawi lifanye kazi pale linapoweza kufika kwa kutembea na kurudi jua likiwa bado juu. Mwisho wa kazi ulikuwa saa kumi jioni. Baadhi ya viongozi wa matawi waliona nimezidisha woga, lakini mwezi haukwisha kabla mtoto wa miaka 13 hajapigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi, polisi wakitekeleza kafyu mtaani mwao. Baada ya hapo hakuna aliyebishana nami juu ya saa kumi.

Kanuni hiyo ya miguu ilijaribiwa mwezi wa Mei, mto Nzoia ulipovunja kingo zake Budalang'i na watu wakahamia kwenye madarasa ya shule na kambini, huku Nyando nako maji yakiingia majumbani na ziwa lenyewe likipanda hadi kufunika maeneo ya ufuo wa Dunga. Matawi ya Kakamega na Kisumu yalitaka kujaza lori la vijana kwenda kusaidia. Nilielewa, moyo ulikuwa mahali pake, lakini kambi ambamo familia kadhaa zinalala darasa moja ndiyo mahali pa mwisho unapotaka kuingiza wageni kutoka mjini katika mwaka kama ule. Tulituma sabuni, mitungi yenye bomba na vyandarua, na kazi ikafanywa na vijana wa Budalang'i wenyewe, ambao baadhi yao walikuwa pia wahanga wa mafuriko. Hao niliwaheshimu kuliko wote.

Sasa nikueleze jambo ambalo halimo kabisa katika rasimu yako, nalo ndilo lililonigharimu mabishano makubwa kuliko korona yenyewe. Katikati ya mwaka ofisi moja ya utawala ilituomba vijana, wavae makoti ya kung'aa, wasimame sokoni na matangani kuhakikisha watu wamevaa barakoa na kwamba maziko hayapiti watu 15. Wengi katika kamati walifurahi, wakasema hatimaye serikali imetutambua. Nilikataa, na nikaomba ukataaji wangu uandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Wewe unajua matanga ya huku kwetu yalivyo. Kumwambia shangazi aliyesafiri toka Bungoma kwamba yeye ni mtu wa 16 na arudi, ni jambo ambalo hata mzee wa mtaa hulifanya akitetemeka. Kijana aliyemfukuza mtu matangani leo hawezi kumpigia simu kesho kumwomba damu, wala kumwambia kwamba mvuke wa mwarobaini hauui virusi na kwamba akiona dalili apige 719. Hatukuwa na silaha yoyote isipokuwa kuaminiwa na majirani, na hiyo si mali ya kukopesha mtu mwenye rungu. Tulichokubali ni kuweka maji na sabuni kwenye lango la boma lenye msiba, kuzungumza mapema na wenye msiba pamoja na mchungaji, na kuondoka. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tuliikosa nafasi. Sawa, tuliikosa.

Suala la fedha nitalipitia haraka. Wahisani wetu walikuwa wametoa fedha za warsha, yaani nauli, chai na ukumbi, na ilichukua barua nyingi kabla hawajakubali zitumike kununulia bando na sabuni. Kilichotuokoa ni kwamba tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, kwa hiyo tukawatumia vijana kidogo kidogo, kila mmoja kwenye simu yake, na ujumbe wa kila muamala ukanakiliwa kwenye daftari kwa mkono kwa ajili ya mkaguzi. Mkaguzi alilalamika juu ya mwandiko.

Vijana wengine walituacha walipopata vibarua vya Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kusafisha mitaa kwa malipo ya kutwa. Viongozi wa matawi walitaka niwaandikie barua za lawama. Niliwaambia wawapongeze, kwa sababu kijana ambaye mama yake ameacha kuuza samaki Kibuye soko lilipofungwa hawezi kujitolea huku nyumbani hakuna unga, na chama kinachomlazimisha kuchagua hakistahili jina lake. Baadhi yao walirudi siku za Jumamosi.

Nakuja kwenye swali lako la pili. Kabla ya kijana yeyote kupangiwa kazi ya nje, nilimpigia simu mzazi au mlezi wake mwenyewe, mimi mwenyekiti, wala si katibu. Vijana walinuna, wakasema wana vitambulisho na hawahitaji ruhusa. Ni kweli kisheria, lakini sikuwa nikiomba ruhusa. Nilikuwa nikimweleza mtu atakayemuuguza mwanawe kwamba anaweza kulazimika kumuuguza, ni kwa kazi gani, na chama kitafanya nini siku hiyo. Wazazi waliosema hapana niliwashukuru na kumhamisha kijana kwenye simu bila kumtaja mbele ya wenzake.

Na siku hiyo ilifika. Mwezi wa Oktoba, wimbi la pili lilipoanza, msichana mmoja wa tawi la mjini alipimwa akapatikana na virusi. Wakati huo wagonjwa wasiozidiwa waliruhusiwa kutunzwa nyumbani, tofauti na mwanzoni ambapo watu walipelekwa karantini na kudaiwa gharama, jambo lililowafanya wengi wakwepe kupimwa. Nilimpigia mama yake jioni ile ile. Hakunifokea. Aliniuliza kodi ya chumba cha binti italipwa na nani kwa kuwa hataweza kuuza mboga kwa majuma mawili, na nani atampelekea chakula mlangoni. Niliweza kumjibu papo hapo kwa sababu tulikuwa tumetenga fungu hilo mwezi wa Aprili, kabla ya kijana wa kwanza kutoka: kodi, chakula, dawa, na bando ili asikae kimya. Tawi lote lilisimama siku 14, na wawili waliokutana naye waliwekwa ndani kwa gharama za chama. Alipona, kama unavyojua, na ndiye aliyekuuzia vile viatu vya kuendea chuo.

Nimeangalia bajeti iliyo mwishoni mwa rasimu yako. Kuna fulana, kofia, mabango, mafuta ya gari na chakula cha mchana cha wageni rasmi. Hakuna senti ya kijana atakayeugua au kuumia kazini, wala hakuna mahali palipoandikwa ni nani atakayempigia simu mzazi wake. Andika mambo hayo mawili, na fungu hilo liweke juu ya fulana, kwa sababu kamati zenu zitakapokosa fedha zitaanza kukata kutoka chini kwenda juu. Ukishamaliza nitumie tena, nami nitakupelekea ile rejesta kwa mtu wa basi uone jinsi safu zilivyopangwa.

Wako,
Baba