Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Anayekubaliwa Kubatizwa na Wamormoni?

SWALI: Mimi ni mke wa pili wa mwanamume wa Kigiriama, na tunaishi Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mahari yangu ililipwa yote, wazee wa pande mbili waliketi wakaridhiana, na mke mwenzangu tunapatana. Nilipokwenda Mombasa kumuuguza dada yangu nilihudhuria ibada za kanisa lake, ambalo watu huliita la Wamormoni, na moyo wangu ukayapenda mafundisho yao. Nilipoomba kubatizwa niliambiwa kwamba kwa ndoa niliyo nayo haiwezekani. Mume wangu hana pingamizi. Je, ni kweli kwamba mke wa pili hapokelewi, hata kama ndoa yake inatambuliwa na sheria ya Kenya? Na watoto wangu, ambao mkubwa wao ana miaka 6, nao wamefungiwa mlango? (Mama wa Ganda)

JIBU: Dada yangu, waliokujibu Mombasa walikuambia ukweli, ingawa naona hawakukueleza sababu, na mtu anayenyimwa jambo zito kama hili anastahili kuelezwa. Kanisa hilo, ambalo jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, halimpokei mtu aliyemo katika ndoa ya wake wengi, awe mume au mmoja wa wake, na msimamo huo haulegezwi mahali ambapo dini, mila au sheria ya nchi inaikubali ndoa hiyo. Gordon B. Hinckley, aliyekuwa rais wa kanisa wakati huo, alilieleza hilo waziwazi katika mkutano mkuu wa Oktoba 1998.

Ukali huo una historia. Katika karne ya 19 waumini wa kanisa hilo huko Utah, Marekani, walioa wake wengi na kulihesabu jambo hilo kuwa agizo la Mungu, mpaka serikali ya Marekani ilipotunga sheria za kuwafunga waliooa hivyo na za kutaifisha mali ya kanisa. Mwaka 1890 rais wao Wilford Woodruff alitoa tamko la kuzisimamisha ndoa hizo, na kwa kuwa ziliendelea kufungwa kwa siri, Joseph F. Smith, aliyekuwa rais baadaye, alitoa tamko la pili mwaka 1904 ambalo liliongeza adhabu ya kutengwa na kanisa. Mlango ambao kanisa liliufunga kwa taabu kubwa namna hiyo halikuufungua tena lilipofika Afrika, na hapo ndipo wewe, ambaye hukuhusika na ugomvi wa Utah, ulipoikuta kanuni ikikungoja.

Nataka uelewe vizuri kwamba unapimwa kwa vipimo viwili tofauti. Kwa kipimo cha nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila na inakubali kwamba yaweza kuwa ya wake wengi, kwa hiyo wewe ni mke halali, na mtu yeyote asikufanye uone haya kwa ajili ya nyumba yako. Kwa kipimo cha kanisa, uhalali huo hautoshi. Tena sheria hiyohiyo inasema kwamba ndoa ya wake wengi haiwezi kugeuzwa kuwa ya mke mmoja isipokuwa mume awe amebaki na mke mmoja tu, kwa hiyo hakuna hati ambayo wewe na mumeo mnaweza kuitia saini leo ikalimaliza jambo hili huku wake wote wawili mkiwa nyumbani. Hata mtu ambaye ndoa ya namna hiyo imekwisha, kwa kifo au kwa talaka, hawezi kubatizwa mpaka kibali kitoke kwa Urais wa Kwanza, yaani viongozi wakuu wa kanisa walioko Salt Lake City.

Mimi sitakushauri uvunje nyumba yenye amani na watoto watatu ili uingie majini, na nalisema hili nikijua kwamba hamu yako ni ya kweli. Ikitokea mtu akakuhimiza utoke kwa mumeo kwa sababu ya ubatizo, mwombe ayaseme maneno hayo mbele ya rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo, na mbele ya wazee walioketi siku ya mahari yako. Yako mengi usiyozuiwa. Ibada za Jumapili ziko wazi kwa kila mtu, Kitabu cha Mormoni, ambacho wao hukihesabu kuwa maandiko matakatifu pamoja na Biblia, kipo kwa Kiswahili, na hakuna anayeulizwa cheti cha ubatizo kabla ya kusali. Ridhaa ya mumeo nayo si jambo dogo, kwa sababu kanisa hilo haliruhusu mtu aliye katika ndoa abatizwe bila mwenzake kukubali. Umefanya vyema kumweleza mapema.

Watoto hawajachelewa kwa lolote. Kanisa hilo halibatizi mtoto aliye chini ya miaka 8, kwa kufuata ufunuo ambao Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, alisema aliupokea mwaka 1831, na linafundisha kwamba mtoto mchanga hana dhambi ya kuoshwa na kwamba akifariki ameokoka. Baada ya miaka 8, na mpaka afikishe utu uzima, ambao kwa sheria ya Kenya ni miaka 18, mtoto habatizwi bila ruhusa ya mzazi au mlezi wa kisheria anayeishi naye, na mzazi huyo anatakiwa ayajue mafundisho ambayo mtoto anaingizwa ndani yake. Kwa hiyo baba yao naye ana neno la kusema, na muda wa kulizungumza mnao.

Niongeze hapa jambo linalowahusu wasomaji wengi wa Malindi kuliko la mke wa pili. Mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja bila ndoa inayotambuliwa na sheria hawabatizwi mpaka wafunge ndoa au watengane.

SWALI: Mjukuu wangu anayesoma Nairobi ameniambia kwamba kanisa la Wamormoni limefungua hekalu huko, na kwamba ndani yake watu walio hai hubatizwa kwa niaba ya wafu. Babu yangu alizaliwa Lamu, akafa Mwislamu, akazikwa hapa hapa. Nimeingiwa na wasiwasi. Je, wanaweza kulichukua jina lake bila sisi kujua? Na huyu mjukuu, ambaye ana miaka 16 na naona maswali yake yamezidi, wanaweza kumbatiza? (Mzee wa Langoni, Lamu)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na aliye hai, maana jibu lake ni fupi: akiwa na miaka 16 hawezi kubatizwa bila ruhusa ya wazazi anaoishi nao au walezi wake wa kisheria, hata akitaka vipi.

La wafu ni refu zaidi, na wasiwasi wako una msingi. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na ni kweli kwamba katika mahekalu yao muumini, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12, huzamishwa majini huku likitajwa jina la mtu aliyefariki. Wanautegemea mstari wa 29 wa sura ya 15 katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Kaburi haliguswi, na marehemu hahesabiwi kuwa mshiriki wa kanisa, kwani wanafundisha kwamba roho yake inapewa nafasi tu, na yaweza kuikataa.

Kanuni zao wenyewe zinamlinda marehemu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba, kama alizaliwa katika miaka 110 iliyopita, inahitajika ruhusa ya jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai. Nakisia kwamba babu yako alizaliwa kabla ya hapo, na ikiwa ni hivyo kinga hii haimfikii. Ya pili ni kwamba muumini anatakiwa apeleke majina ya watu wa ukoo wake mwenyewe, si ya mtu yeyote aliyemwona katika daftari. Kanuni hii iliwahi kuvunjwa vibaya: majina ya Wayahudi waliouawa na utawala wa Hitler yalipelekwa na watu wasiohusiana nao kwa damu, jamaa zao wakaumia sana, na mwaka 1995 kanisa likafikia makubaliano na viongozi wa Kiyahudi ya kulikomesha jambo hilo. Hata baada ya hapo yalijitokeza majina mengine, na kanisa likalazimika kuzidi kuubana mfumo wake.

Kwa hiyo, mzee, mtu ambaye kwa kanuni zao anaweza kulipeleka jina la babu yako ni mtu wa ukoo wake aliyejiunga na kanisa hilo. Jambo linarudi ndani ya ukoo. Huyo mjukuu mwite wakati wa likizo, umsikilize kwanza, kisha umweleze babu huyo alikuwa nani na aliishika vipi dini yake. Nawe unajua kuliko mimi kwamba Qurani inasema hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nyingine. Imani aliyofia babu yako haibadilishwi na tendo la mtu mwingine lililofanywa Nairobi.

SWALI: Nilibatizwa Mkatoliki nikiwa mtoto mchanga. Kazi yangu ni kugema mnazi, na ndiyo iliyowasomesha watoto wangu. Nikitaka kujiunga na Wamormoni nitabatizwa upya, na nitaambiwa niache kazi? Mwenzangu mmoja anasema nisijisumbue kwa kuwa kanisa hilo halipokei Waafrika. (Mgema wa Kakoneni)

JIBU: Mwenzako amekosea, ingawa analoligusa ni donda la kweli. Kanisa hilo halikuwa na sheria ya kumnyima Mwafrika ubatizo, lakini kwa zaidi ya miaka 100 liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na weusi wote baraka kuu za hekalu, mpaka Juni 1978 wakati wa rais Spencer W. Kimball. Ni dhuluma iliyodumu muda mrefu mno, na anayejiunga leo ana haki ya kuiuliza na kujibiwa bila kuzungushwa. Nchini Kenya kanisa hilo liliandikishwa mwaka 1991, na viongozi wa matawi yake mengi ni Wakenya.

Utabatizwa upya, ndiyo. Wao hawautambui ubatizo wa kanisa lingine lolote, na Roma nayo ilitangaza mwaka 2001 kwamba haiutambui wa kwao. Utazamishwa mwili mzima mbele ya mashahidi wawili, na hata ncha ya vazi ikibaki juu ya maji tendo linarudiwa.

Kabla ya hapo utahojiwa faraghani na kiongozi. Atakuuliza kuhusu imani na toba, kama umewahi kutenda kosa kubwa la jinai, kwani anayetumikia kifungo cha nje husubiri mpaka akimalize, na kama uko tayari kutoa zaka na kulishika Neno la Hekima, yaani kanuni yao ya afya ya mwaka 1833, linalokataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Mnazi ni pombe, na kuonja ili kujua kama umekolea ni kunywa. Maswali hayo yanahusu unachokunywa wewe, hayakutaji unachokiuza, lakini usiifiche kazi yako ukasubiri igunduliwe baada ya ubatizo. Mweleze anayekufundisha sasa, kabla tarehe haijapangwa, na umuulize ikiwa unaweza kuendelea kukwea minazi yako kwa ajili ya madafu na nazi, ambazo hazina katazo lolote.