Kodi ya nyumba huanza kudaiwa siku ya kukabidhi ufunguo

Nyumba aliyotuachia baba iko Mbagala, Dar es Salaam. Ina vyumba sita vya kupangisha vinavyotazamana, korido katikati, choo cha nje, na fremu moja ya duka inayoangalia barabara. Mwaka 2014 ndugu zangu walikubaliana niisimamie mimi, kwa kuwa ndiye nakaa karibu. Nikadhani kazi yenyewe ni kupita kila baada ya miezi sita na kuchukua hela. Mwaka ule ulipokwisha, vyumba vitatu vilikuwa na madeni, wapangaji wawili tulikuwa hatusalimiani, na mmoja alishahama usiku.

Nimejifunza kwa kuumia, na ninachowaambia wenye nyumba ndogo kama yangu ni hiki: deni la kodi mara nyingi huanza na ukimya wetu sisi. Mpangaji anakupita uani, anasema, "Shikamoo mama, naomba univumilie mpaka wiki ijayo." Unaitikia, unasema haya. Wiki ijayo siku gani? Ataleta yote au nusu? Hakuna aliyesema. Wiki tatu zikipita wewe umeshakasirika, yeye anadhani umesahau, na siku mkikutana kila mtu ana hesabu yake.

Siku hizi mambo yote nayasema kabla sijatoa ufunguo. Tunakaa kwenye mkeka, mkataba uko mbele yetu, tunausoma kwa sauti. Kodi kiasi gani, inalipwa tarehe ngapi, akichelewa anatoa taarifa kwa nani na kabla ya siku ngapi. Nakala moja yake, moja yangu, na shahidi mmoja kila upande. Dalali asiwe shahidi. Yeye akishapewa ujira wake, kodi ya mwezi mmoja, huyo kaondoka, na siku ya mgogoro simu yake haipokelewi.

Halafu kuna hili la kudai kodi ya miezi sita kwa mara moja. Dar es Salaam tumezoea hivyo, wengine wanataka hata mwaka mzima, na naelewa kwa nini: hela ikija kwa mkupuo unapaua banda la nyuma au unalipa ada ya mtoto. Lakini mtazame unayemdai. Mpangaji wangu mmoja ni kijana wa bodaboda, pikipiki si yake. Kila jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, anatoa mafuta, anakula, na kinachobaki ni elfu chache. Nilipomtaka 300,000 kwa mara moja alileta, tena siku hiyohiyo, nikafurahi. Baadaye nikajua alikopa kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kubwa. Mwezi wa tatu walikuja kumchukulia televisheni na godoro. Kodi iliyofuata angeitoa wapi?

Nikambadilishia. Sasa wanaoingia wapya wanalipa miezi mitatu, tukishazoeana mwenye kipato cha siku namruhusu mwezi kwa mwezi. Mwenye mshahara namwekea tarehe inayofuata siku mshahara unapoingia, kabla haujapita madukani. Mama mmoja anakaanga samaki jioni pale kituoni, naye anacheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu na wenzake sokoni. Aliniambia zamu yake ya kupokea inaangukia lini, tukaiweka kodi kwenye wiki hiyo. Hajawahi kuchelewa. Muulize mpangaji hela yake inaingiaje, usione aibu, ni swali la maana kuliko kumuuliza kabila lake.

Kuhusu kulipa kwa simu, kuna mambo madogo yanayogombanisha watu wazima. Kodi ni 50,000: inatumwa na ya kutolea au bila? Liandikeni. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 niligombana na wapangaji wawili kwa ajili ya hilo tu, tukarudi kwenye fedha mkononi miezi kadhaa. Jingine ni jina. Mpangaji anatuma kwa wakala au kwa laini ya shemeji yake, ujumbe unakuja na jina usilolijua, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka zilikuwa za nani. Kila muamala ukiingia naandika risiti jioni ileile, nampa, kisha naingiza kwenye kaunta buku. Baba alikuwa nayo, jalada gumu jekundu, kila chumba na kurasa zake: tarehe, kiasi, mwezi unaolipiwa, sahihi mbili. Nami naendelea hivyohivyo.

Umeme nao ni sehemu ya kodi, hata kama hatuuiti hivyo. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni moja, vyumba sita, kwa hiyo kuna mwenye friji na mwenye balbu moja. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ile ni kodi ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini jengo si lake. Mimi nairudisha kwenye mchango wa umeme kila mwezi. Kiasi ni kidogo, ila wapangaji wanaona, na mtu anayeona unamtendea haki hakufichi anapokwama.

Aliyepanga fremu akikukatia asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, usimgombeze. Sheria ndiyo inamtaka aipeleke TRA, Mamlaka ya Mapato. Wewe mdai cheti chake tu.

Sasa niseme la kufuli. Mwaka 2015 fundi cherehani mmoja nilikuwa namdai miezi mitatu, 120,000 kwa kodi ya wakati ule. Nikaenda asubuhi akiwa kazini, nikapachika kufuli langu juu ya lake. Saa nane mchana mwanawe alirudi shule. Alikuwa darasa la tatu. Alikaa kizingitini na begi mapajani, wapangaji wengine wanapita na ndoo, kila mmoja anamtazama kisha ananitazama. Akanijia, akaniamkia, akasema, "Mama, naomba nitoe daftari la hesabu, mwalimu kasema kesho tulete." Nilifungua mlango, na kufuli lile sikulirudisha tena.

Jioni mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliniita ofisini. Aliniambia mpangaji akishindwa kulipa unampa notisi ya maandishi, mnakaa mbele yake au kwenye Baraza la Kata kusuluhishwa, na ikishindikana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kufuli, kung'oa mlango, kuezua bati, vyote vile tunavyovisikia mitaani, vinakugeuza wewe uwe mshtakiwa kwenye deni lako mwenyewe.

Yule fundi tulikaa naye palepale ofisini. Nilimuuliza kitu ambacho nilipaswa kumuuliza mwezi wa kwanza: unaweza nini? Akasema juu ya kodi ya kila mwezi anaweza kuongeza 12,000. Mwenyekiti akaandika, tukasaini. Ilikuwa miezi kumi. Kila tarehe 5 alikuja mwenyewe, wakati mwingine na noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa chenye nyuzi bado zinaning'inia, tukaandika mstari mmoja. Mstari wa kumi aliuandika kwa mkono wake, akaweka sahihi, akaniomba ule ukurasa. Stabu za risiti ninazo zote, nikauchana nikampa. Aliukunja mara mbili akautia kwenye boksi la bobini.