Muulize Fundi: bolti ya oili imekula thredi

SWALI
Fundi shikamoo. Mi nipo Mikindani, nina pikipiki ya marehemu mzee, Honda CG125, ya zamani sana ila injini bado inalia vizuri na sina mpango wa kuiuza. Wiki mbili zilizopita niliipeleka kijiweni kumwaga oili, kijana akaona spana haimpi nguvu akachomeka bomba nyuma yake akavuta mpaka ikalia tak, akaniambia hapo imekaa. Haikukaa fundi. Asubuhi nimekuta doa la oili sakafuni kubwa kama sahani, kufungua bolti ikatoka na nyuzi za aluminiamu zimejizungusha kwenye meno yake kama springi ya kalamu. Sasa hivi nimeizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba ya maji, inavuja kidogo ila inavuja, na mi kila siku naenda Mtwara mjini na kurudi. Mmoja ananiambia nipake gundi ya chuma nisahau, mwingine anasema tutoboe tuweke bolti kubwa, wa tatu anasema kesi, yaani ganda la injini, imeshakufa nitafute injini nyingine ya Kichina nipachike. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mikindani

JIBU
Marahaba mdogo wangu, na pole, ila huyo wa injini ya Kichina mwambie ahsante na umkaribishe chai yaishe. Hiyo kesi haijafa. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976 na waliichora makusudi kwa watu kama sisi wa kumwaga oili tukikumbuka, ndo maana valvu zake zinasukumwa kwa fito na haina cheni ndefu ya kukatikia huko juu. Injini ya namna hiyo huitupi kwa sababu ya tundu moja.

Hiyo tepu nakuomba uitoe leo. Sikusemi vibaya, mi mwenyewe nimeshaifunga. Nilikuwa natoka Masasi narudi Mtwara, bolti ikaanza kucheza nikaifunga tepu barabarani nikajiona mjanja, nimepita Ndanda vizuri nikiimba, kabla ya Nyangao naona injini inavuta kwa shida na inanuka moto, kushuka kuangalia bolti haipo, tundu liko wazi linanitazama, na guu lote la kulia limelowa. Hizi injini zinabeba oili karibu lita moja tu, ikishuka yote ni dakika chache. Nililala Nyangao na pistoni imeshachubuka.

Tatizo la tepu ni kwamba hiyo kazi siyo yake. Oili pale haizuiwi na thredi, inazuiwa na ile washa inayobanwa kati ya kichwa cha bolti na uso wa kesi. Thredi kazi yake ni kuvuta tu ili washa ibanwe. Sasa thredi hazipo, nani atavuta? Tepu inajaza nafasi lakini haina meno, na vipande vyake vikikatika vinaingia ndani vinaenda kukaa kwenye chujio la oili. Gundi ya chuma nayo ni hivyo hivyo, aluminiamu iliyonyonya oili miaka 30 huwezi kuisafisha ikashika gundi sawasawa, na hata ikishika, oili ya mwezi ujao utaimwagia wapi?

Huyo wa kutoboa ndo ana nusu ya ukweli. Ntakueleza nusu nyingine.

Kwanza hakikisha kilichokufa ni tundu kweli. Chukua brashi ya waya safisha bolti, toa hizo nyuzi zote, alafu ilaze ubavuni mwa bolti mpya ya saizi ile ile, meno ya hii yaingie kwenye mabonde ya ile bila kuacha mwanga. Honda nyingi ndogo bolti ya oili ni milimita 12 pichi 1.5 (pichi ni nafasi ya jino hadi jino, kwa milimita), ila usiniamini mimi, pikipiki ya zamani inakuwa imeshapita mikono mingi na huwezi jua nani aliweka nini. Kuna wakati unakuta mtu alilazimisha bolti ya pichi 1.25 miaka mingi iliyopita na huyo kijana wako wa bomba amemalizia tu. Alafu ingiza waya uliokunjwa ncha uone tundu lina kina gani na meno yameisha yote au ya mbele tu. Yakiwa yamebaki ya ndani, bolti ndefu kidogo inaweza kukusaidia, lakini upime kwanza kwa huo waya kwamba haitagusa gia wala chochote humo ndani. Kwa ulivyoeleza zile nyuzi nadhani yameisha yote.

Sasa njia ziko mbili za maana. Ya kwanza ni ile springi ya chuma cha pua, unatanua tundu kidogo, unakata thredi kwa tapu yake maalum (tapu ni kile chuma cha kuchongea meno, na ya kawaida haikubali, hata usijaribu), alafu unaizungusha springi ndani ikae chini ya uso kama robo raundi, unavunja kile kijimkia chake na kukitoa, basi, bolti yako ya zamani inarudi saizi ile ile. Kwa bolti za kava za milimita 6 hii ndo mfalme, drili yake ni 6.3, kwa bolti za 8 ni 8.3 hivi, na thredi inayotoka hapo ni ngumu kuliko ile ya kiwandani kwa sababu sasa ni chuma ndani ya aluminiamu. Ila kwa bolti ya oili, inayofunguliwa kila mwezi, mi siipendi sana, maana siku moja inaamua kutoka pamoja na bolti.

Kwa hiyo wewe nakushauri bushi. Nenda kwa fundi wa lethi pale mjini, wale wanaochonga bushi na shafti za mashine za kusaga, mwambie akuchongee bushi ya chuma, nje thredi ya 16 pichi 1.5, ndani 12 pichi 1.5, na iwe na ukingo mdogo wa kukalia. Tundu unalitanua kwa drili ya 14.5, unakata thredi ya 16, unasafisha kwa petroli mpaka kitambaa kitoke cheupe, unapaka ile gundi nyekundu ya kufungia nati, unaifunga bushi na kuiacha mpaka kesho yake. Kabla ya yote mwoneshe kesi yenyewe apime nyama iliyozunguka tundu. Kama ni nyembamba rudi kwenye springi. Na ndo hapa namkatalia huyo wa bolti kubwa: ukienda 14 leo umekula nyama, ikifa tena unaenda 16 na bolti ya kuokoteza, ya tatu kesi inapasuka. Bushi inakula nyama mara moja, na thredi yake ikichoka unatoa bushi unaweka nyingine.

Kazi yenyewe ifanywe pikipiki ikiwa imesimama, juu ya meza au matofali imara na mtu wa kuishika, wewe uko chini. Najua utatamani kuilaza ubavu ufanye kwa raha, usiilaze, ukiilaza vumbi lote la aluminiamu linaingia ndani, ukiwa chini linakuangukia wewe usoni, vaa miwani tu. Mifereji ya tapu ijaze grisi ishike vumbi, na kwa kukatia tumia mafuta ya taa, aluminiamu inayapenda. Nusu raundi mbele, robo nyuma, ukisikia inakaza usilazimishe, toa, futa, rudi. Kinachoharibu wengi ni kwenda upande. Mi nina kipande cha mninga nimekitoboa wima kwenye drili ya meza, nakibana kwenye uso wa kesi na tapu inapita humo, basi haina pa kuyumba. Ukimaliza mimina dizeli kidogo kutoka juu iteremke na yaliyobaki, mara mbili mara tatu, usipige kiki wakati dizeli iko ndani. Na oili ya kwanza uimwage mapema, ukienda mjini na kurudi siku chache tu, uiangalie juani kama inang'aa chembechembe.

Kufunga sasa. Weka washa mpya, ya aluminiamu au shaba, ile ya zamani imeshalala. Bolti ya 12 pale inataka kama newton mita 25 mpaka 30. Spana ya 17 ina urefu wa kama sentimita 20, kwa hiyo ni mkono kuvuta kilo 12 mpaka 15, yaani kama kuinua ndoo ya maji isiyojaa, basi. Mkono ule ule ukiweka bomba la nusu mita, umeshapita newton mita 60 na hujasikia tofauti yoyote. Huyo kijana wala hakuwa na nguvu nyingi, bomba ndo lilikuwa nazo.

SWALI
Fundi habari. Nipo Kilwa Masoko, stadi moja ya eksozi, ile bolti isiyo na kichwa, imekatikia ndani ya silinda hedi, imebaki nje kama milimita 3. Nimejaribu plaizi inateleza tu. Nitoboe?

JIBU
Salama kaka. Usitoboe bado, milimita 3 ni utajiri. Nyie wa pwani hii shida yenu ni chumvi, chuma na aluminiamu vikikaa pamoja kwenye unyevu wa bahari vinaganda kama vimechomelewa. Weka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, weka tena asubuhi. Alafu tafuta nati iliyozidi saizi ya stadi kidogo, ikalishe juu ya hicho kipande na mtu wa kuchomelea ajaze katikati ya nati mpaka ishikane na stadi. Ikiwa bado ya moto, siyo nyekundu, ya moto tu, weka spana uende mbele na nyuma kidogo kidogo. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ndo maana stadi inaachia. Ikikatika hiyo nati chomelea nyingine, mi nimeshawahi kufika ya nne. Ile pini ya kugeuza kushoto, ya kutolea bolti zilizokatika, usiiguse, ni ngumu mno, ikikatikia ndani hata drili haiingii. Stadi mpya ukiweka ipake grisi ya shaba.

SWALI
Mi wa Newala, fundi plagi yangu inaingia ngumu toka mwanzo, nikaze tu na spana?

JIBU
Hapana, toa. Hiyo imeingia upande na ukiikaza utarudi hapa na swali la yule wa Mikindani. Safisha thredi, chukua kipande cha mpira wa petroli uchomeke juu ya plagi uizungushe kwa vidole kupitia huo mpira, ikiingia upande mpira wenyewe unateleza. Mpaka ikae kabisa kwa vidole, ndo uchukue spana: plagi mpya nusu raundi, ya zamani hata robo haifiki.