Dawa ya Nywele Haiishii Kichwani

Mimi ni mfamasia, ingawa hapa Kisumu kila mwenye koti jeupe huitwa daktari. Wiki hii mmeniandikia kuhusu vipara na ndevu.

Daktari, nina miaka 24. Napaka minoxidil, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 5 kidevuni, mara nne kwa siku, nikishanyoa. Siku hizi moyo unadunda hata nikiwa nimekaa tu. – Kijana, Kondele

Acha leo, kisha ukapimwe presha. Minoxidil ilianza kama kidonge cha kushusha presha. Wagonjwa waliokimeza wakaanza kuota nywele mwilini, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Lakini kazi yake ya kwanza haijaisahau: hutanua mishipa, presha hushuka, nao moyo huongeza mbio ili kufidia. Kipimo cha kichwani ni mililita 1, mara mbili kwa siku, na kwenye ngozi isiyo na mikwaruzo hupenya kidogo sana. Wewe umezidisha idadi ya mara, tena unapaka pale wembe ulipotoka kukwangua. Umeifungulia mlango! Miguu ikivimba au kifua kikiuma, usiniandikie mimi. Kimbia hospitali.

Mume wangu hupaka hiyo hiyo usiku, halafu mtoto wetu wa miezi 5 hulala naye mto mmoja. Kuna ubaya? – Mama, Nakuru

Upo. Mwaka 2019 kule Uhispania, watoto wachanga walipewa dawa ya tumbo ambayo kumbe ilikuwa na minoxidil ndani, wakaota nywele mwili mzima. Hao waliinywa, ni kweli, lakini mtoto wa miezi 5 hulamba kila kitu. Baba apake mapema ikauke, anawe mikono, na mto wake uwe wake peke yake. Kama mna paka nyumbani, mwe macho zaidi: kiasi kidogo tu akilamba kwenye foronya chaweza kumuua.

Mume wangu hununua vidonge vya kipara, finasteride ya miligramu 5, mimi namkatia kwa kisu vipande vinne. Nina mimba ya miezi mitatu. – Kakamega

Kisu mpe mwenyewe. Vumbi la kidonge kilichokatwa laweza kuingia mwilini mwako kupitia ngozi, na mtoto akiwa wa kiume, likavuruga uumbikaji wa sehemu zake za siri. Naye mumeo akienda kupimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, amwambie daktari anachomeza, maana dawa hiyo hushusha kipimo karibu nusu.

Nywele za kando zimeisha. Sokoni Kibuye nimeuziwa krimu nyeupe isiyo na lebo. Nipake? – Dada, Manyatta

Usipake. Krimu za namna hiyo mara nyingine huwa na steroidi kali, na hiyo hukondesha ngozi. Halafu, dada yangu, ukisuka rasta za kubana kila mwezi, wewe na msusi ndio mnaozing'oa. Mwambie alegeze. Vipele vikitokea kwenye mistari usiku wa kwanza, fumua, hata kama umelipa elfu mbili.